Bukini ya Kwenye Skrini: Ubora na Udhaifu wa Mchezo Mmoja wa Kusaka Hazina

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi vijana ambao shughuli hii ni yenu hasa: kwa wakubwa zangu wote nasema shikamooni, na kwa wengine, habari za asubuhi. Nawashukuru mliotoka Ngarenaro, Kaloleni na Sakina, na zaidi nawashukuru mliopanda basi alfajiri kutoka Moshi.

Nimeombwa nizungumzie michezo ya video ya kusaka hazina, ile ambayo mchezaji hupanda majabali, hufumbua mafumbo, hukimbizwa na kupigana mpaka afike kwenye mali iliyofichwa. Michezo ya aina hiyo ni mingi, nami sitaipitia yote juu juu. Nimechagua mmoja niuchambue kwa kina, nao ni Uncharted 4: A Thief's End, uliotengenezwa na studio ya Naughty Dog ya Marekani na kutolewa mwezi Mei 2016 kwa ajili ya PlayStation 4, mashine ya kuchezea michezo ya video. Ni wa nne katika mfululizo mkuu ulioanza mwaka 2007. Nimeuchagua kwa sababu naupenda, na kwa sababu sehemu kubwa ya safari yake inafanyika Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, na ambacho mabaharia wa Kiswahili walikifahamu kabla meli yoyote ya Ulaya haijaizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Mchezo huu niliufahamu kupitia kwa mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili. Alikuja nyumbani jioni moja akaniuliza bila hata kuketi, "Mjomba, ni kweli maharamia walijenga mji wao Madagaska?" Swali lile lilinibana. Nilikuwa nimefundisha biashara ya Bahari ya Hindi kwa miaka mingi, lakini habari za maharamia wa Bukini sikuwa nazo kichwani. Nilimwambia anipe siku tatu. Siku hizo tatu nilizitumia kusoma usiku, na siku ya nne nilikwenda kwa dada yangu nikaomba nikabidhiwe pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuuchezea mchezo. Ningependa mzazi anayeamini kwamba michezo hii haifunzi lolote akumbuke jambo hilo kwanza: mtoto wa miaka 15 alimrudisha mwalimu wake vitabuni.

Kisa chenyewe ni hiki. Nathan Drake, mwindaji wa hazina aliyekwisha kuacha kazi hiyo na kutulia na mkewe Elena, anatembelewa na kaka yake Sam, ambaye kwa miaka 15 alimdhania amekufa katika gereza la Panama. Sam anamwomba amsaidie kuitafuta hazina ya Henry Avery. Wakiandamana na rafiki yao mzee, Sully, wanapita katika mnada wa siri Italia, katika magofu ya kanisa Uskoti, kisha Bukini, na mwishoni katika kisiwa kinachosemekana kuwa ndiko ulikokuwa mji wa maharamia ulioitwa Libertalia. Anayeshindana nao ni tajiri kijana, Rafe Adler, aliyeajiri kikosi cha mamluki kutoka Afrika Kusini kinachoongozwa na mwanamke, Nadine Ross.

Henry Avery alikuwa mtu wa kweli. Mwezi Septemba 1695, akiwa nahodha wa meli iitwayo Fancy, yeye na wenzake waliivamia Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya Aurangzeb, mfalme wa Wamoghuli wa India, ilipokuwa ikirudi Surat ikiwa imewabeba mahujaji waliotoka Makka. Waliipora dhahabu na fedha nyingi mno, wakawatesa abiria na kuwanajisi wanawake kwa siku kadhaa. Serikali ya Uingereza, ikihofia hasira ya Aurangzeb na hasara ya biashara, ilitangaza zawadi ya pauni 500 kwa atakayemkamata, na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ikaongeza kiasi kama hicho. Watu watano wa kundi lake walinyongwa London mwaka 1696. Yeye mwenyewe alitoweka, na hakuna aliyewahi kuthibitisha alikoishia. Mji wa Libertalia nao unasimuliwa katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1728, na wanahistoria walio wengi wanauhesabu kuwa hekaya. Hata hivyo, maharamia kwa hakika waliishi Bukini: katika miaka ya 1690 walikuwa na kituo katika kisiwa cha Sainte-Marie, ambacho wenyeji hukiita Nosy Boraha, kwenye pwani ya mashariki.

Tazameni sasa ustadi wa watunzi. Walimchukua mtu wa kweli ambaye mwisho wake haujulikani, wakauchukua na mji wa kubuni ambao mwanzo wake haujulikani, wakaviunganisha kwa namna ambayo kumbukumbu za kihistoria haziwezi kuwapinga moja kwa moja. Hawakumgeuza Aurangzeb wala hawakuibadilisha tarehe ya uporaji. Waliingia mahali ambapo nyaraka zimekatika, wakajenga humo. Kwa mtu wa fani yangu huo ni uungwana mkubwa, maana ziko hadithi nyingi za hazina ambazo haziwezi kusogea hatua moja bila kuivuruga historia.

Ubora wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa kuliko wote, ni kwamba mchezo huu unayazoeza macho kusoma mahali. Nathan anatembea na daftari ambamo anachora alama, michoro ya majengo na ramani, na mchezaji hulifungua daftari hilo ili alinganishe kilichochorwa na kinachoonekana mbele yake. Haitoshi kukimbia. Inakubidi usimame, utazame ukuta, ujiulize kwa nini jiwe hili limechongwa na lile halikuchongwa, mlango huu ulitazama wapi, maji yalipita upande gani. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi katika magofu ya Engaruka, kule Monduli chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, huwafundisha mambo hayo hayo. Pale Engaruka palikuwa na wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji ya umwagiliaji katika eneo la kilomita za mraba 20 hivi, tangu karne ya 15 mpaka karne ya 18, kisha wakaondoka. Mwanafunzi asiyezoea kutazama huona rundo la mawe tu. Nilimpeleka mpwa wangu kule mwaka mmoja baada ya kuumaliza mchezo, na kabla sijafungua mdomo alikuwa amekwisha kuinama akiufuata mfereji mmoja kwa kidole, akitafuta maji yalikotoka. Siwezi kuapa kwamba ni mchezo uliomfundisha, lakini nilikuwapo, nami niliona namna alivyotazama.

Niruhusuni nikae kidogo katika sura ya 10, ambayo naihesabu kuwa sehemu bora kabisa ya mchezo mzima. Nathan, Sam na Sully wanasafiri kwa gari katika nyanda za Bukini zenye udongo mwekundu, wakielekea kwenye mlima wa volkano. Hakuna barabara moja iliyochorwa. Kuna njia za tope, vijito, madaraja yaliyooza na magofu ya minara ambayo mchezaji anaweza kuyatembelea au kuyapita. Magurudumu hushika vizuri kwenye mawe na huteleza kwenye tope lililolowa, hivyo dereva hana budi kuusoma mteremko kabla ya kuupanda. Inapofika mahali mawe hayapo kabisa, Nathan hushuka, huvuta kebo ya winchi iliyoko mbele ya gari, huizungusha kwenye shina la mti na kuiacha mashine ivute.

Shemeji yangu, baba wa kijana huyo, ni dereva wa watalii, na amepita Serengeti na Ngorongoro katika masika zaidi ya 20. Siku tuliyoicheza sura hiyo alikuwa ameketi pembeni akinywa chai, hana habari na skrini. Alipoiona kebo ikizungushwa mtini aliweka kikombe chini. Alitazama kwa muda, kisha akasema, "Shemeji, aliyetengeneza hii amewahi kukwama." Sijasikia sifa kubwa zaidi kwa mchezo wa video. Alieleza pia kwamba tope jekundu la kwenye skrini linapigana na gurudumu kama udongo wa njia ya Loliondo wakati wa mvua, na tangu siku ile baba na mwana, ambao walikuwa wakigombana kila wiki kwa sababu ya saa za kucheza, wana kitu cha kuzungumza. Watengenezaji wangeweza kuufanya mlima ule uwe picha ya kupita haraka. Waliamua kuupa uzito, na uzito huo ndio uliomfanya mtu mzima aliyeziishi safari hizo auheshimu.

Ubora wa tatu uko katika uhusiano wa wahusika. Waigizaji walivikwa vifaa vinavyonasa mwendo wa miili yao, na nyuso za wahusika zilichorwa kwa makini kiasi kwamba unaweza kumwona mtu akisita kabla hajadanganya. Sura ya 4 ina tukio ambalo halina risasi hata moja: Nathan na Elena wako nyumbani, wanakula jioni, wanazungumzia kazi, kisha wanaamua kwa kucheza gemu ya zamani nani ataosha vyombo. Baadaye Nathan anamwambia mkewe kwamba anakwenda kufanya kazi Malaysia, na huo ni uongo. Elena anakuja kumkuta katika hoteli Bukini. Hakuna kelele nyingi pale chumbani. Kuna mwanamke anayeutazama ukuta uliobandikwa ramani na michoro, na mwanamume asiyejua aweke wapi mikono yake. Wazazi wengi hudhani michezo hii ni milipuko mitupu. Nawaomba mkae na watoto wenu katika sehemu hiyo moja, kisha mzungumze nao juu ya uongo wa nyumbani, maana mchezo umekwisha kuwafungulia mlango.

Yapo pia mambo ya manufaa ambayo nitayataja kwa ufupi. Kisa kikuu huchezwa bila intaneti, kwa hiyo hakili bando. Hakina pia tabia ya kumdai mtoto fedha kila anapotaka kusonga mbele. Kuna viwango 5 vya ugumu, na cha chini kabisa humwezesha hata mtu ambaye hajawahi kushika pedi kufika mwisho. Watengenezaji waliweka pia msaada kwa wenye ulemavu: asiyeweza kubonyeza kitufe mara nyingi kwa haraka anaweza kukishikilia tu, na asiyeweza kulenga na kuzungusha kamera kwa wakati mmoja anaweza kusaidiwa na mchezo wenyewe. Ninaye mwanafunzi mwenye udhaifu wa mkono wa kushoto aliyeumaliza mchezo huu wote, na furaha yake siku ile siwezi kuisahau.

Sasa nigeukie udhaifu, na hapa sitapunguza makali, kwa sababu kitu unachokipenda ndicho unachostahili kukikosoa kwa bidii.

Udhaifu ulio mwepesi kuonekana ni marudio. Kuna kreti lenye magurudumu ambalo Nathan hulisukuma hadi ukutani ili apande juu yake. Mara ya kwanza unafurahi, mara ya tano unajiuliza ni nani aliyezigawa kreti hizo katika magofu yote ya dunia. Kuna kingo za majabali ambazo huvunjika mkononi, na baada ya saa chache unajua ni ipi itakayovunjika kabla hujaigusa. Kuna miteremko ya changarawe inayokutelezesha hadi ukingoni, ambapo lazima urushe kamba yenye ndoana. Mafumbo nayo ni machache, na mengi ni mepesi mno: ukisita kidogo, mwenzako anakudokeza, na daftari lenyewe mara nyingi lina jibu karibu kamili. Mchezo uliofanya kazi kubwa hivyo ya kuyazoeza macho ungepaswa kuyaamini macho hayo.

Chaguo la mchezaji pia ni finyu kuliko linavyoonekana. Mara chache unapewa nafasi ya kuchagua maneno ya Nathan, lakini chochote utakachochagua hakibadilishi kisa. Mimi binafsi hilo halinisumbui, kwani msimulizi ana haki ya kuumiliki mwisho wa hadithi yake, ila vijana waliozoea michezo yenye njia nyingi wataona wamefungwa.

Mauaji ni suala zito zaidi. Nathan Drake anaonyeshwa kuwa mtu mcheshi, mume mwenye makosa anayetaka kusamehewa, ndugu mwenye huruma. Mtu huyo huyo, katika muda wa saa 15 hivi zinazohitajika kuumaliza mchezo, anaua watu wengi sana, na hakuna anayeyazungumzia mauaji hayo jioni inapoingia. Elena anamlaumu kwa uongo wake, wala hamlaumu kwa maiti alizoziacha njiani. Watengenezaji walilijua jambo hili. Waliweka katika mchezo tuzo ndogo ambayo mchezaji huipata akishawashinda maadui 1,000, wakaipa jina la istilahi ile ile ambayo wahakiki huitumia wanapoulaumu mgongano kati ya hadithi na matendo ya mchezaji. Wachezaji wengi walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu walikuwa na uwezo wa kufanya jambo bora zaidi, na ushahidi umo humo humo ndani ya mchezo: katika maeneo mengi majani ni marefu kiasi cha kumficha mtu, na mchezaji mvumilivu anaweza kuwapita mamluki bila kuwagusa. Nilijaribu kucheza hivyo mara ya tatu. Kila nilipofaulu kupita kimya niliona mchezo ukiwa mzuri zaidi, mhusika akiwa mkweli zaidi kwa tabia yake, kisha nikafika mahali ambapo mlango haufunguki mpaka watu wote wauawe.

Lakini udhaifu unaonigusa zaidi ni mwingine, nao ni kwamba ndani ya mchezo huu hazina haina mwenyewe.

Mali ya Avery inatajwa kwa thamani yake, dola milioni 400, na wahusika wote wanabishana juu ya nani anastahili kuifikia kwanza. Rafe anaitaka kwa ajili ya jina, Sam kwa ajili ya ndoto ya utotoni, Nathan kwa sababu hawezi kujizuia. Kwamba mali ile iliporwa kutoka kwa watu waliokuwa wakitoka hija, na kwamba wanawake wa meli ile walitendewa unyama, ni jambo ambalo halipewi uzito wowote katika safari ndefu namna hiyo. Watunzi walikuwa waangalifu juu ya tarehe na majina ya meli, lakini walimsahau aliyelia.

Na Wabukini wenyewe? Tunawaona sokoni. Tunapita katikati ya vibanda vyao, tunasikia shughuli zao, halafu yanakuja magari yanayofukuzana, moja likiwa limevikwa vyuma na bunduki, yanayoteremka mji mzima yakivunja uzio, maduka na mabanda. Ni tukio la kusisimua ambalo lilisifiwa duniani kote, na hata mimi moyo ulinidunda. Ila nilipolicheza mara ya pili nilianza kuvitazama vibanda. Mtu aliyekulia karibu na Soko la Kilombero anajua mama mmoja anahitaji muda gani kukipata kibanda. Hakuna hata Mbukini mmoja aliye mhusika mkuu katika kisa hiki. Nchi ni yao, volkano ni yao, minara iko kwao, lakini wanaozungumza ni wageni watupu. Hata Nadine Ross, Mwafrika pekee mwenye nafasi kubwa, ambaye kwa kweli ameandikwa vizuri, ana nguvu na ana akili kuwashinda wote, sauti yake ilitolewa na mwigizaji Mmarekani mweupe, na uamuzi huo ulilalamikiwa hata kabla mchezo haujatoka.

Angalieni pia vitu vidogo vya kale vilivyofichwa katika sura mbalimbali. Viko 109. Mchezaji anayevitafuta huchungulia kila pembe, na hilo nimekwisha kulisifu. Lakini akishakiokota kitu, anapewa jina fupi na nafasi ya kukizungusha mbele ya macho, kisha kinaingia mfukoni. Kilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nini, kwa nini kilikuwa pale? Hakuna maelezo. Mtu wa mambo ya kale angewaambia kwamba kitu kikishang'olewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa wapi na pamoja na nini, zaidi ya nusu ya habari zake zimekwisha kupotea.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa uchungu. Nyote mnaifahamu habari ya mali ya Mjerumani. Katika mikoa yetu wapo watu wanaoamini kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia masanduku ya dhahabu chini ya maboma, madaraja na miti yenye alama. Kuna chembe ya ukweli inayoilisha imani hiyo, kwani mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na sarafu hizo leo zina bei kubwa. Baba yangu mdogo, kule Old Moshi, aliuza ng'ombe wawili akamlipa mtu aliyedai ana mashine ya kunusa dhahabu. Walichimba usiku kwa majuma mawili kando ya jiwe lenye alama ya msalaba. Hawakupata sarafu. Walichopata ni kuubomoa mdomo wa mfongo, mfereji wa kuleta maji mashambani ambao ukoo wetu uliutunza tangu enzi za mababu, wakijua kuupima mteremko kwa macho tu. Migomba ya majirani wa bondeni ilikaa bila maji msimu mzima, na watu waliorithi kazi ya kuutengeneza mfongo ule wakawa wazee wawili tu.

Baba mdogo hakuwahi kucheza mchezo wa video maishani mwake, kwa hiyo sitausingizia mchezo. Ninachosema ni kwamba fikra iliyomwongoza ni ile ile: kwamba chini ya ardhi kuna kitu cha thamani kisicho na mwenyewe, na kilichoko juu ya ardhi ni kizuizi cha kuondoa. Katika mchezo, jengo lililosimama miaka 300 huporomoka mara tu Nathan anapopita, na anayeporomosha hutoka hai akijikung'uta vumbi. Vijana wetu wanapaswa kuambiwa kwamba Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, inayomtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa, na kwamba huyo mwenye mashine usiku hana kibali.

Ni haki kueleza kwamba watengenezaji wenyewe walipiga hatua. Mwaka uliofuata, 2017, walitoa Uncharted: The Lost Legacy, mchezo mfupi zaidi wenye kisa kinachotokea India, ambamo wahusika wakuu ni wanawake wawili, Chloe Frazer, ambaye ana asili ya India kwa upande wa baba, na yule yule Nadine Ross. Wanautafuta pembe wa Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, nao ni kitu kitakatifu. Mwishoni, baada ya taabu zote, Chloe anaamua pembe huo ukabidhiwe Wizara ya Utamaduni ya nchi ile. Sam, ambaye yumo katika kisa hiki pia, anasikitika, kwani alidhani watauuza. Tukio hilo ni la dakika chache tu, lakini nililishangilia peke yangu sebuleni, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu ndani ya mfululizo huu alikuwa amemkumbuka mwenye mali.

Nawageukia sasa vijana mnaojifunza kuandika programu, maana najua mko humu ukumbini. Mwezi Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaoanisha baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki na jamaa walio hai hapa Tanzania. Huko ni kusaka kwa kweli, na anayesaka ndiye mwenyewe. Vidokezo vyake ni namba zilizoandikwa kwa wino juu ya mfupa, orodha za meli, barua za maofisa, na kumbukumbu ya bibi anayejua mti uliotumika. Mchezo wa namna hiyo haungehitaji adui hata mmoja wa kupigwa risasi, na ungehitaji macho yale yale ambayo Uncharted 4 imeyazoeza. Usingeweza kutengenezwa bila idhini ya familia zenyewe, na anayeutaka aanze kwa kupanda Old Moshi na kuketi na wazee kabla hajawasha kompyuta.

Mwenyekiti ameniruhusu nitumie nusu saa iliyobaki kuwaonyesha. Kifaa kimeshaunganishwa na projekta, na shemeji yangu, aliyekataa kuhutubia, amekubali kushika pedi. Naomba wa nyuma wafunge mapazia. Tunaanzia sura ya 10, pale gari linapoingia kwenye tope.